Kishikio cha dirisha kikivunjika: kuchagua kipya na kukifunga mwenyewe

Kishikio kikivunjikia mkononi, mtu hulaumu kishikio. Anakwenda dukani, ananunua kingine, anakifunga palepale pa zamani, na msimu ukigeuka nacho kinakatika. Mara nyingi tatizo liko kwenye dirisha lenyewe. Shata, yaani lile jani linalofunguka, limeinama, au ubao umevimba, au kutu imejaa kati ya chuma na chuma, na kila jioni mtu anaminya kishikio kwa nguvu zote ili dirisha lifunge. Kazi ya kishikio ni kulizuia dirisha ambalo tayari limekaa mahali pake. Ukikigeuza kuwa jeki ya kuvutia shata, hakidumu hata kiwe cha bei gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dirisha, na duka linafuata baadaye.

Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania jambo hili lina uzito wake. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Juni na Julai dirisha lenye mwanya wa kidole linatosha kukunyima usingizi. Iringa adui mkubwa ni upepo, unaolipigapiga dirisha lisiloshikwa mpaka skrubu zinalegea zenyewe. Tukuyu na maeneo yanayoizunguka huko Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mbao za madirisha hunywa maji mpaka zinakataa kuingia kwenye fremu. Kwa hiyo ushauri unaomfaa mtu wa Kihesa, Iringa, huenda usimfae wa Kiwira, Rungwe.

Kwanza, lipime dirisha

Kama kishikio kimekatika, kitoe. Kama bado kinashika, kiache wazi. Kisha funga dirisha kwa kiganja tu. Likiingia lote na kukaa sawa na fremu bila kusukumwa sana, una bahati: ruka sehemu hii, nenda kwenye vipimo.

Likigoma, tafuta linapogomea. Chukua kipande cha karatasi, kiweke kati ya shata na fremu, funga, kisha kivute. Rudia pande zote nne. Karatasi ikitoka bila kusita, hapo kuna mwanya. Ikikwama au kuchanika, hapo panabana. Baada ya hapo fungua dirisha, shika kona ya chini iliyo mbali na bawaba, unyanyue kidogo. Shata likicheza juu na chini, bawaba zimelegea au zimelika.

Bawaba zilizolegea kwenye mbao hutibika kwa njiti za kiberiti. Toa skrubu, paka njiti gundi ya mbao, zijaze kwenye tundu mpaka libane, katia usawa wa ubao, acha gundi ikauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu. Watu wengi hukimbilia skrubu nene zaidi. Wakati mwingine inasaidia, lakini kwenye fremu nyembamba inaupasua ubao, na hapo kazi inakuwa ya seremala.

Mbao zilizovimba zinahitaji subira. Ukipiga randa Machi, wakati mvua imeshiba, mwezi Agosti dirisha lilelile litakuwa na mwanya wa kupitisha mjusi. Randa kidogo tu, pale karatasi ilipochanika, na kazi kubwa iache mpaka kiangazi. Kisha paka rangi au vanishi kingo zote ulizochonga. Ukingo wa chini wa shata ndio husahaulika, kwa sababu hauonekani, na ndio unaonywa maji kuliko wote. Madirisha mengi ya paina ya Mufindi yanayolaumiwa kwamba ni mbao mbaya yalinyimwa rangi hapo tu.

Dirisha la chuma lisugue kwa brashi ya waya pale linapogusana na fremu, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu, tabaka nyembamba. Rangi nene nayo hulifanya dirisha libane. Kama nyumba ni ya zamani, kuukuu kweli, usisugue rangi kavu ikaruka vumbi: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Lowesha, tumia msasa wa maji, na watoto wakae mbali.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza huwa na shida ya mfereji wa chini. Vumbi, nzi waliokufa na mchanga hujaa humo, vigurudumu vinapanda juu ya uchafu, na ndoano ya loki haifikii tena mahali pake pa kushika. Safisha kwa brashi ya meno na maji ya sabuni, na hakikisha vile vitundu vya kutolea maji nje havijazibwa na matope. Kama shata bado limeinama, tazama ubavuni karibu na chini. Mengi yana skrubu ndogo inayopandisha au kushusha kigurudumu.

Ujue unachotafuta

Muuzaji atakuuliza, "Cha aina gani?" Jibu la "cha dirisha" litakurudisha nyumbani na kitu kisichoingia. Madirisha ya mbao kwa kawaida yana komeo la kusukuma, au mkono mfupi unaozunguka na kuingiza ulimi kwenye kipokeo kilichofungwa kwenye fremu. Ya chuma yana mkono wenye pua inayopanda juu ya kibati cha fremu na kulivuta shata. Mara nyingi chini yake kuna kifimbo chenye matundu, kile cha kuzuia upepo usilipige dirisha. Ya aluminiamu ya kuteleza yana loki: ama ile iliyozama ndani ya shata ubavuni, ama ile yenye umbo la mwezi mwandamo katikati, mashata mawili yanapokutana. Na madirisha ya plastiki ngumu, ya PVC, yana mkono wenye mhimili wa mraba unaoingia ndani na kuendesha makomeo yaliyofichwa.

Vipimo

Hapa usiwe na haraka. Futi ya chuma, penseli na karatasi vinatosha.

Umbali wa matundu ya skrubu upime katikati hadi katikati. Kwa kuwa kukisia katikati ya tundu ni shida, pima ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Kama matundu yanalingana ukubwa, jibu ni lilelile. Kwenye mikono ya PVC umbali huu kwa kawaida ni milimita 43 na mhimili ni mraba wa milimita 7. Kinachobadilika ni urefu wa mhimili, kwa hiyo upime kuanzia kwenye kitako cha mkono hadi ncha. Ukiwa mfupi hautafika kwenye mashine ya ndani. Ukiwa mrefu, unaukata kwa msumeno wa chuma, basi ukikosa saizi yako chukua mrefu zaidi.

Kwa mkono wenye pua, kipimo cha maana ni kimo cha pua: kutoka kwenye kitako kinachokaa juu ya shata hadi upande wa chini wa pua. Tofauti ya milimita 3 inatosha pua kugonga kibati au kupita juu bila kukigusa. Kwa loki ya kuzama, pima urefu na upana wa tundu lililochongwa kwenye shata, umbali wa skrubu, na ndoano inaelekea juu au chini.

Kulia au kushoto: simama ndani ya nyumba, tazama dirisha. Bawaba zikiwa kushoto, mkono uko kulia. Chora, andika "ndani" kwenye mchoro, maana dukani ukikigeuza kishikio mkononi mambo huanza kuchanganyika.

Kuna kipimo kingine ambacho miongozo ya ughaibuni haikitaji, kwa sababu nyumba zao nyingi hazina nondo. Dirisha letu la kufungukia nje lina nondo upande wa ndani, na mara nyingi wavu wa mbu juu yake. Kishikio kinaishi nyuma ya vyote hivyo. Pima kutoka kwenye uso wa shata lililofungwa hadi kwenye nondo, na nafasi kati ya nondo na nondo ambamo mkono wako unapita. Kisha kata boksi umbo la kishikio unachotaka, kishikilie mahali pake, kizungushe mzunguko mzima. Kikigonga nondo nusu ya safari, tafuta kifupi. Acha pia nafasi ya vidole, kama sentimita 3 hivi, la sivyo utakuwa unafunga dirisha kwa ncha za kucha kila jioni. Mikono mirefu yenye nakshi inapendeza sana kwenye picha, lakini nyuma ya nondo haina kazi.

Dukani

Mbeya, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanjelwa na Kabwe yana karibu kila kitu. Iringa, zunguka Mlandege na Miyomboni. Ukiwa Makete au vijijini Mufindi, subiri siku ya kwenda mjini badala ya kuchukua kinachofanana. Beba kishikio cha zamani, hata vipande vyake, pamoja na skrubu moja. Hakuna maelezo yanayoshinda kile kitu chenyewe juu ya kaunta.

Vingi vya bei nafuu ni zinki iliyomiminwa na kupakwa rangi ya fedha au dhahabu. Si vibaya kwa dirisha jepesi, ila zinki haipindi, inakatika ghafla, na ukitazama palipokatika utaona punje za kijivu. Kwa dirisha zito la chuma, au linaloelekea upepo, ongeza fedha upate cha chuma cha pua au cha shaba. Sumaku ndogo husaidia kupima skrubu: ya shaba halisi haivutwi, ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba inavutwa mara moja, na hiyo itatoa kutu mvua ya kwanza. Zungusha kishikio mara kadhaa mbele ya muuzaji. Kikwamakwama kikiwa kipya, hakitalainika kikizeeka.

Hata kama madirisha yote ya nyumba yanahitaji, nunua kimoja, kifunge, kione kinakubali, ndipo urudi kuchukua vilivyobaki. Hapo sasa ongeza kimoja cha akiba, kwa sababu mwaka ujao mzigo mpya ukija huenda umbo limebadilika.

Kwa wanaokaa sehemu za baridi kuna kitu kimoja cha kuulizia: mkono wenye pua ya hatua mbili. Hatua ya kwanza inafunga kabisa. Ya pili inalishika dirisha likiwa na upenyo mdogo, lakini bado limefungwa. Unapata hewa usiku bila kuliacha dirisha wazi. Nasema hivi nikijua kuna nyumba ambamo jiko la mkaa huingizwa chumbani Julai. Upenyo huo haulifanyi jiko kuwa salama. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua waliolala, kwa hiyo jiko litoke nje kabla ya kulala, dirisha liwe na kishikio cha namna yoyote ile.

Kufunga kwenye mbao

Andaa bisibisi ya nyota na bapa, drili, msumari mwembamba wa kuwekea alama, na kipande cha sabuni ya kipande.

Toa cha zamani. Kama rangi imekigandisha, pitisha kisu kuzunguka kitako kwanza, la sivyo kitaondoka na kipande cha rangi kikubwa kama kiganja. Matundu ya zamani yasiyolingana na mapya yazibe kwa njiti na gundi, usitoboe jipya likapakana na la zamani.

Funga dirisha, shikilia kishikio mahali pake, weka alama kwa penseli. Kwa shata la kawaida kinakaa katikati ya urefu. Shata likizidi mita moja hivi, kishikio kimoja hakitoshi, kona za juu na chini zitapinda na kuachia. Weka makomeo mawili, moja juu, moja chini.

Toboa tundu la kuongozea skrubu. Skrubu ya milimita 4 inataka biti ya 2.5 kwenye paina, na ya 3 kwenye mninga au mbao nyingine ngumu. Zungushia biti selotepu kuonyesha mwisho wa kina, usije ukatokezea upande wa pili. Paina ni laini, kwa hiyo ipe skrubu ndefu kidogo, milimita 25 hadi 30 kama unene wa shata unaruhusu. Sugua skrubu kwenye sabuni kabla ya kuiingiza. Skrubu za shaba ni laini na kichwa hukatika kirahisi kwenye mbao ngumu: tangulia na ya chuma yenye saizi ileile, itoe, kisha weka ya shaba. Na usipigilie misumari. Komeo la misumari hung'oka na ubao wake.

Kipokeo kwenye fremu kinafungwa mwisho. Paka ncha ya ulimi chaki, funga dirisha, zungusha kishikio mpaka ulimi uguse fremu. Alama ya chaki inakuonyesha mahali hasa. Weka skrubu moja tu, ile ya kwenye tundu refu kama lipo, jaribu, sogeza mpaka dirisha livutwe kidogo tu linapofunga, ndipo uweke zilizobaki. Kipokeo kikizama mno, kipandishe kwa kipande cha plastiki ngumu chini yake.

Kufunga kwenye chuma

Kabla ya yote, funga shata kwa kamba kwenye nondo. Upepo wa mchana ukilishika dirisha lisilo na kishikio, kioo kimekwenda. Ziba kioo kwa boksi, hasa kama puti inayokishikilia imekauka na kupasuka, maana mtetemo wa drili unaweza kukiachia.

Skrubu zenye kutu zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uziache usiku kucha. Asubuhi jaribu kwanza kuikaza kidogo, kisha ulegeze. Ule mkazo mdogo huvunja kutu. Kichwa kikikatika, piga alama katikati kwa panchi, toboa. Kwa skrubu ya M5, yaani yenye unene wa milimita 5, biti ni milimita 4.2, halafu unakata meno mapya kwa tepu ya kukatia meno. Huna tepu? Toboa upande hadi upande, tumia bolti na nati. Riveti nazo zinafaa: ya milimita 4 inaingia kwenye tundu la 4.1. Kila tundu jipya liguse rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga juu yake.

Sasa lile pendekezo utakalolisikia mtaani: "Lete tukichomelee tu." Kataa. Moto wa kuchomelea karibu na kioo hukipasua, unaunguza rangi na kuanzisha kutu mpya, na kishikio kilichochomelewa kikivunjika tena utahitaji grinda kukitoa. Kuchomelea kunafaa kwa kibati cha fremu kilicholika kabisa, na hapo kioo kitolewe kwanza.

Aluminiamu na PVC

Loki ya kuzama imeshikwa na skrubu mbili. Kabla ya kutoa ya pili, ifunge loki kwa uzi na ushike ncha, kwa sababu ikitumbukia ndani ya shata utalazimika kulifungua shata lote. Ingiza mpya ndoano ikielekea upande uleule wa zamani, kaza kwa mkono, usitumie drili: aluminiamu ni nyembamba, meno yake huisha haraka. Yakiisha, panda saizi moja ya skrubu au tumia riveti. Tumia skrubu za chuma cha pua au zilizopakwa zinki, maana chuma kitupu kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu inaliwa.

Mkono wa PVC ni wa dakika chache. Zungusha au inua kile kifuniko cha kitako, skrubu mbili zinaonekana, toa, vuta. Angalia mkono ulikuwa umeelekea wapi ulipotoka, rudisha mpya ukielekea hivyohivyo. Kama mkono mpya nao unazunguka bure, mashine ya ndani ndiyo imekufa, na hiyo mwite fundi.

Jaribio na matunzo

Kabla hujafunga dirisha kwa mara ya kwanza, zungusha kishikio kipya dirisha likiwa wazi, mara tano au sita. Kikikwama likiwa limefungwa nyuma ya nondo, utalifungua kwa taabu sana. Kisha funga, rudia jaribio la karatasi pande zote. Ikitoka bila kusita karibu na kishikio, sogeza kipokeo. Ikitoka hivyo kwenye kona za mbali, rudi kwenye bawaba.

Baada ya wiki chache kaza skrubu tena, hasa kwenye paina. Tone la mafuta ya cherehani Oktoba kabla ya mvua, na jingine Mei kabla ya baridi, linatosha. Grisi inakamata vumbi la kiangazi na kugeuka tope, iache kwa magari. Mkipaka rangi nyumba, kivueni kishikio au kizungushieni selotepu ya karatasi. Rangi kwenye maungio ndiyo huanza ule mtindo wa kukilazimisha.

Kama umepanga, kishikio cha zamani usikitupe. Kihifadhi kwenye kopo pamoja na skrubu zake na risiti ya kipya, umwonyeshe mwenye nyumba siku ya kulipa kodi.